Wote Wamo

"Nimeifuta programu yako," meneja alinicheka. "Leo mkaguzi akija utamwonyesha nini?"

Niliiandika bila mwalimu, iorodheshe kila aliyeumizwa na mashine za kiwanda chao kwa miaka kumi na tisa.

Nikakimbilia zahanati ya kiwanda. Muuguzi alitumia programu nyingine, ila zote mbili zilichota majina kwenye hifadhidata moja, faili moja tu. Kama nalo limefutwa, tumekwisha.

"Dada, fungua."

Skrini ilibaki nyeupe. Kisha majina yakaanza kushuka, la kwanza la mama yangu: vidole viwili, mashine ya saba.

"Wote wamo, kaka. Mia mbili na kumi na wawili. Pumua basi, usije ukaniangukia."

Nikapumua.

"Chapisha nakala mbili," nikasema. "Moja ya mkaguzi, nyingine nikambandikie meneja mlangoni."