Sketi ya Darasa la Saba

Haya nilihadithiwa na mdogo wake fundi, mwaka jana wakati wa baridi, tukiwa kwenye foleni ya dawa za presha. Foleni ilikuwa ndefu, kwa hiyo hakuruka kitu.

Alisema alipofika dukani Jumatatu ile alimkuta dada yake anashona sketi ya tatu ya shule, zote za mtoto mmoja. Ya kwanza ilimtosha mtoto. Ya pili ilimzidi kidogo. Ya tatu ilimfika vifundoni. Hata mama mtu angeivaa.

"Dada, hii ya nani tena?"

"Ya Chaki."

"Chaki yupi? Huyu wetu?"

Mtoto aliitwa hivyo kwa sababu alipokuwa anatambaa alikula chaki ya kuchorea nguo, akaimaliza. Sasa alikuwa na miaka kumi na mmoja, darasa la tano. Wiki ile hakwenda shule. Alikaa mkekani nyuma ya cherehani ya mama yake, anapanga vifungo kwa rangi.

"Ya darasa la saba," fundi alisema. "Nikimaliza hii naingia za sekondari."

"Si uache pindo kubwa, tuwe tunashusha kila mwaka? Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha hivyo."

Fundi aliuinamia mshono. Mguu ulikanyaga cherehani kama mtu anayekimbizwa.

Mdogo mtu alijua kilichomo moyoni mwake. Ijumaa iliyopita walikuwa kwa daktari, wao wawili na Chaki katikati yao. Daktari aliwageuzia kioo cha mashine, wakaona kivuli kikubwa kama ngumi. Chaki akatolewa nje kwanza. Uvimbe, daktari akasema, kwenye ovari ya kushoto. Unaweza kuwa wa maji tu. Unaweza kuwa saratani. Hakuna wa kujua mpaka utolewe, upimwe, na si jambo la kungoja. Upasuaji Alhamisi.

"Na kuzaa je?" fundi aliuliza.

"Ovari moja inatosha kuzaa. Lakini mama, tuanze na uhai."

Tangu siku hiyo neno saratani halikutajwa nyumbani. Mumewe, dereva wa malori, alipopiga simu kutoka safarini aliambiwa ni kauvimbe tu, asiendeshe kwa haraka. Simu ikikatwa, fundi anaingia bafuni, anafungulia bomba, analia ndani ya taulo. Chakula anakizungusha sahanini mpaka kipoe. Mikono iliyozoea kutunga uzi bila kutazama, sasa inakosa tundu la sindano mara sita, mara saba, mpaka mdogo wake amnyang'anye.

"Umekonda, bado kidogo nikutunge uzi wewe."

"Niache."

"Kula basi, hata vijiko viwili. Utaanguka kabla ya Alhamisi."

"Nikianguka niokote."

Kila sketi iliyoisha aliitundika kwenye msumari wake, na kikaratasi cha jina, kama za wateja. Duka lile lilikuwa na sheria moja: nguo ikishatundikwa, haishushi mtu mwingine. Inamngoja mwenyewe. Kuna bwana mmoja aliiacha suti yake mwaka mzima na ushei, wakaipangusa vumbi tu, na siku moja huyo akaja. Miaka kumi na sita, hakuna nguo iliyomkosa mwenyewe.

"Unazitundika zote hizi ili iweje, dada?"

"Atakuja kuzichukua," fundi alisema. "Si ndiyo? Lazima aje."

Mdogo wake akageuka ukutani, akajifanya anatafuta mkasi. Mkasi ulikuwa mkononi mwake.

Jumatano fundi alimsimamisha Chaki ampime upya. Bega, mkono, urefu. Futi ilipofika kiunoni akaikunja, akaiweka mfukoni.

"Mama, kiuno hujapima."

"Kiuno nitakisia."

"We mama! Si ulisema fundi anayekisia ni mwizi wa kitambaa?" Chaki akacheka, mara akaacha, akakunja uso. "Kesho tutashikana mikono, eti?"

"Mpaka watuachanishe."

Asubuhi ya Alhamisi walikwenda watatu, mdogo mtu amebeba begi. Kwenye dirisha fundi alipewa karatasi asaini. Aliisoma mara tatu asielewe hata mstari, akasaini, na jina likatoka limepinda kama mshono wa mwanafunzi. Muuguzi akauliza kama kuna chochote kilicholiwa tangu jana.

"Hata maji," fundi akasema.

Hereni zikatolewa, mdogo mtu akazifunga kwenye leso. Gauni la kijani likavaliwa, kamba zikafungwa mgongoni. Kitanda cha magurudumu kikaja. Fundi na mwanawe wakashikana mikono ukumbi mzima, gurudumu moja likilia njia nzima, mpaka kwenye milango miwili yenye vioo.

"Mwisho ni hapa," muuguzi akasema. "Agana naye, mama."

Vidole havikuachia. Muuguzi akaanza kuvifungua kimoja kimoja, polepole, huku anasema pole, pole.

"Mama, unaniumiza mkono," Chaki akasema kutoka kitandani.

Kitanda kikapita nayo ile miguu midogo, isiyofika mwisho wa shuka. Fundi akabaki upande wa huku. Nyuma ya milango mtu akamwambia mtoto ahesabu mpaka kumi. Akahesabu kwa sauti kubwa kama yuko darasani, moja, mbili, tatu, nne, na tano ikatoka nusu, akalala.