Mikono ya Nyamizi

Treni haifungui mlango mpaka mtu aliyeko stesheni akunyooshee mikono kukupokea mzigo. Usiponyooshewa, unapitilizwa. Ndivyo tunavyosafiri siku hizi, na watoto wetu wanadhani ilikuwa hivyo tangu zamani.

Siku ya kumzika baba nilipitilizwa hapo Kaliua, stesheni ya kwetu. Watu wote walikuwa makaburini. Nani angekumbuka kuja kunipokea? Dada yangu Nyamizi hakutaka kusikia. "Mwenye uchungu hufika," alisema, akakata simu.

Sasa mama yuko kitandani, ananiita mimi. Pale nyumbani ni Nyamizi peke yake mwenye nguvu za kufika stesheni. Ujumbe wangu ameusoma. Hakujibu, nikapanda treni hivyo hivyo.

"Una wa kukupokea, mama?" akaniuliza mhudumu wa behewa.

"Dada yangu, tumbo moja."

"Basi simama mlangoni akuone vizuri."

Nikasimama, kikapu cha machungwa mkononi. Treni ikapunguza mwendo. Jukwaa lilikuwa tupu, tupu kabisa, kisha nikamwona Nyamizi chini ya saa, amejitanda khanga. Amekuja! Nikagonga kioo kama mwendawazimu, nikainua kikapu akione.

Alikiona. Tulitazamana macho kwa macho. Kisha akakunja mikono kifuani, akaibana kwapani.

"Dada!" nikapiga kelele. "Mikono!"

Hakusogea. Treni ikaanza kushika kasi.

Baba alipozikwa, nilipitilizwa kwa sababu stesheni haikuwa na mtu. Safari hii mtu alikuwepo.