Anatafutwa Mkandaji

Mteja wa mwisho asubuhi ile alinyolewa akiwa amekaa sakafuni. Kinyozi alimwambia ni mtindo mpya. Mteja akakubali kwa shingo upande, na mashine ikafika utosini bila mkono wa kinyozi kupanda juu ya kifua. Kiti cha kunyolea kilikuwa pembeni, kitupu, kimefutwa vumbi vizuri.

Bega la kulia lilikuwa limekaza. Halikuvunjika, halikuteguka, lilikataa tu kupanda. Hospitali walimpiga picha, wakasema mifupa ni salama, wakampa vidonge. Vidonge vikaisha, bega likabaki vilevile. Wateja warefu ndio waliotangulia kuhamia kwa kinyozi wa ng'ambo ya barabara, na wa kimo cha kati wakafuata. Sasa alibaki na watoto na watu wavumilivu. Aliogopa, kwa sababu hakujua kazi nyingine yoyote duniani.

Mkewe akaanza kutafuta tiba mbadala hapo hapo mtaani. Walianza kwa mtu wa kuumika, aliyembandika vikombe mgongoni akamwacha na miduara kama kitambaa cha meza ya chai. Wakaenda kwa bibi wa sindano, ambaye alichoma, akachomoa, akasema njia za nguvu zimeziba na yeye kesho anasafiri. Wa tatu alikuwa bwana wa mafuta. Mafuta yenyewe yalikuwa mazuri, na yaliyobaki walikaangia mayai.

"Wewe unahitaji mkandaji," mkewe akakata shauri. "Mtu wa kukanda kwelikweli, siyo hawa wa kupapasa."

Akamuuliza jirani wa ukuta mmoja, mwanamke mwenye moyo safi ambaye kila habari huipata, ingawa mara nyingi huipata nusu.

"Mkandaji?" jirani akasema. "Shoga, si yule mama wa nyuma ya karakana ya mbao. Juzi tu nimemsikia akiongea habari za mkandaji. Ngoja nimpigie, nimwambie nimepata mtu."

Kesho yake asubuhi kinyozi akabisha hodi nyuma ya karakana. Aliyemfungulia alikuwa mama mkavu wa maneno, aproni yake imegandamana na udongo. Alimtazama mikono kabla ya kumtazama uso.

"Ndiyo mara yako ya kwanza?"

"Ndiyo, mama. Tena nina hili bega."

"Bega litalegea ukishazoea. Wote huanza hivyo."

"Na malipo je?" akauliza kwa woga.

"Hayo mwisho wa mwezi."

Kinyozi akashukuru kimoyomoyo, maana mfuko wake ulikuwa umetoboka.

Hakulazwa kitandani wala hakupakwa kitu. Mama alimwekea donge la udongo mezani, akamwonyesha: egemea kwa mwili mzima, sukuma kwa bega, geuza, rudia, mpaka kisibaki kiputo hata kimoja cha hewa. Kinyozi alikuwa amewahi kusikia kwamba udongo huvuta maradhi. Akakanda. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa kiwiko, akaendelea.

"Usilegeze," mama akasema akipita. "Wa kabla yako alivumilia siku mbili, akatoroka."

Hakushangaa kusikia hivyo. Hata yeye alitamani kutoroka, ila alikumbuka kile kiti kitupu.

Alipopata nafasi ya kupumua alitupa jicho huku na huku. Vyungu vilikuwa vimepangwa ukutani hadi darini, kwa hiyo dawa hapa si haba. Kwenye shimo uani, mzee mmoja alikuwa akikanyaga udongo kwa miguu, taratibu, kama mtu asiye na pa kwenda. Huyo, kinyozi akawaza, bila shaka anasumbuliwa na miguu.

"Shikamoo, mzee. Una muda gani hapa?"

"Marahaba. Huu mwaka wa saba."

Kinyozi akalishika bega lake. "Na hali unaionaje?"

"Tunasukuma tu, mwanangu."

Habari hiyo hakumwambia mkewe, asije akamkatisha tamaa.

Kila asubuhi akawa anakwenda kukanda, kisha anafungua duka lake la kunyolea. Siku moja alichelewa. Mama akamwambia akirudia asijisumbue kuja tena.

"Unaona?" mkewe akasema aliposimuliwa. "Mtaalamu wa kweli hambembelezi mtu."

Mwezi ulikuwa ukielekea ukingoni alipoingia mlinzi mmoja, mrefu wa kuinamia milango. Alikuwa amesikia habari za mtindo mpya, akaanza kujikunja kuelekea sakafuni.

"Kaa kitini," kinyozi akamwambia.

Mkono ukapanda. Ukapita kifua, ukapita kidevu, ukafika utosini na kukaa huko bila kulalamika. Kinyozi alifurahi mpaka akazima mashine na kujifanya anatafuta kitana, kwa sababu macho yalikuwa yamejaa na hakutaka mlinzi ayaone kwenye kioo.

Kesho yake alivaa shati safi, akanunua chane ya ndizi zilizoiva, akaenda nyuma ya karakana. Mzee alikuwa shimoni kama kawaida, na kinyozi alimwonea huruma sana.

"Mama," akasema, akimkabidhi ndizi kwa mikono miwili, "sijui nikushukuru vipi. Nimepona. Kuanzia kesho sitakuja tena."

Mama akaweka chini chungu alichokuwa akikisugua, akajifuta mikono kwenye aproni.

"Nimeajiri wakanda udongo wengi," akasema, "na kila mmoja aliacha kazi kwa kusingizia ugonjwa. Wewe ndiye wa kwanza kuacha kwa sababu umepona."