Poda Sakafuni

Duara letu la dansi la klabu tulilihamishia jukwaani, tukaacha pengo upande wa watazamaji. Klabuni, pengo maana yake ingia ucheze. Hapa ukumbini watu walikaa kimya kama wako kwenye mtihani.

Mara mama yangu akainuka mstari wa mbele, akapanda jukwaani. Huyu ndiye anayesema klabu ni za watu wasio na kazi.

“Mama, hili ni onyesho! Rudi ukae.”

“Sasa pengo mmeliacha la nini?”

Akafungua mkoba, akatoa kopo la poda, akainyunyiza sakafuni kama wachezaji wa zamani, ili viatu viteleze. Akaisambaza kwa soli, taratibu, akiusikilizia muziki.

“Mama, nani alikufundisha?”

“Nishikie mkoba.”