Viganja vya Raya

Bi Mize alimng'ang'ania mkono mpigapicha aliyekuwa akipanda boti kuondoka kisiwani.

"Mwanangu, wiki iliyopita ulipiga picha uchochoroni kwetu. Binti yangu Raya alikuwepo. Jana tumemzika, na sina picha yake hata moja."

Mpigapicha akatafuta haraka kwenye kamera: fukwe, minazi, milango ya nakshi. Kisha akamwonyesha. Raya amekaa barazani na gauni lake la njano, viganja vyote viwili vimeziba uso.

Bi Mize alikumbuka alivyompigia kelele kutoka dirishani: "Wee Raya, ziba uso! Usipigwe picha na wageni!"

Honi ya boti ikalia. Kwa kidole, alivisukuma vile viganja pembeni kwenye kioo cha kamera, akavisukuma tena.

"Toa mikono, mwanangu," alisihi. "Nimekuruhusu."