Bega la Kulia

Risasi ilimpata nyumbu wa mizigo wa Zef. Ilimpasua shingo, damu ikamrukia Zef uso mzima, na mnyama akaanguka mtoni akirusha mateke. Zef hakukimbia. Alisimama akijifuta macho, akatazama juu miambani kana kwamba anamngoja mpigaji amalize kazi yake.

Ndue hakuweza kuimaliza. Alikuwa amelenga vizuri, tena bila haja ya kufumba jicho la kulia; tangu lilipoingiwa na chokaa utotoni, jicho hilo lilikuwa pambo la uso tu. Kilichomponza ni moyo. Ulianza kurukaruka kifuani kama kuku aliyechinjwa, pumzi zikamkatika, na macho yakaingia giza. Alirudi nyumbani nusu kwa miguu, nusu kwa kutambaa.

"Kaka yako anaoza mwaka wa tatu huu," mama yake, Dile, alimwambia, "na wewe umeua nyumbu tu."

Aliyemuua Gjeto, kaka yake Ndue, alitorokea ng'ambo akafia huko. Kwa hiyo deni la damu likamwangukia mdogo wa muuaji huyo, Zef, mfuga nyuki ambaye siku ya mauaji hakuwepo hata kijijini. Na upande wa pili, mwanamume pekee aliyebaki wa kulidai alikuwa Ndue. Dile alikuwa ameapa juu ya jeneza kwamba bunduki ya Gjeto ndiyo itakayolipa, si silaha nyingine.

Habari za nyumbu zilienea. Kwenye ubatizo wa mtoto wa jirani, mzee Prend alimpitishia Ndue kikombe cha kahawa chini ya goti lake, kama wanavyopewa wanaume walioshindwa kulipiza kisasi.

"Kunywa taratibu," akamwambia. "Isije ikaushtua huo moyo."

Watu wakacheka. Dile hakutia kitu kinywani siku mbili.

Moyo huo ulikuwa ugonjwa wa miaka minne. Vyumba vyake vya juu havikudunda, vilitetemeka tu, na vya chini vikawa vinakimbizwa ovyo. Vidonge vya kuupoza vilimwacha mzito na mvivu. Vidonge vya kuzuia damu isigande vilimfanya avuje kutwa nzima akijikata kwa wembe. Mara mbili hospitalini walimpiga shoti ya umeme, na mara zote mbili moyo ulitulia wiki moja kisha ukarudia wazimu wake. Kupanda ngazi kumi kulimkalisha chini.

Daktari wa Tirana, mji mkuu, alimweleza kilichobaki. Wangeunguza kile kijisehemu kinachopitisha mapigo kutoka juu kwenda chini, na kumwekea kimashine chini ya ngozi, karibu na bega, kiudundishe moyo badala yake. Wakishaunguza, hakuna kurudi nyuma. Ndue akaomba muda wa kufikiri.

Alifikiri majira yote ya baridi. Aliogopa kuishi kwa kutegemea betri. Aliwaza pia ule uso wenye damu uliokuwa ukimtazama kutoka mtoni, na hilo hakumwambia mtu. Dile hakuwa na la kufikiri.

"Nenda ukachomwe, mwanangu," alisema kila asubuhi. "Urudi na mkono usiotetemeka, umuue yule mbwa."

Mwezi wa Machi akaenda. Daktari alimwinamia na kalamu ya kuchora kifuani.

"Nyinyi wa milimani lazima niwaulize kwanza. Bunduki unaiegemeza bega gani?"

Ndue aliitazama ile kalamu. "La kulia."

"Basi kimashine naweka kushoto. Na usithubutu kubadilisha bega. Kitako cha bunduki kikikipiga, waya unaweza kukatika, na huo moyo hautakuwa na njia nyingine ya kudunda."

Alirudi kijijini mwezi wa Mei, akapanda kilima chote bila kupumzika. Dile alimwekea sikio kifuani. Mapigo yalikwenda sawasawa, moja baada ya jingine. Mama akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu mazishi, akaenda kuichukua bunduki ya Gjeto. Alikuwa ameshaipaka mafuta.

"Yuko mtoni anaosha mizinga," alisema. "Yuko peke yake, hana hata kisu. Mpige tumboni, afe polepole kama kaka yako."

Ndue aliipokea bunduki, akaiegemeza ukutani. Kisha akafungua vifungo vya shati na kumwonyesha kovu, lingali jekundu, chini ya bega la kushoto. Akamsimulia aliyoulizwa na daktari, na alivyojibu.

Dile aliinua mkono amzabe kofi, mkono ukabaki hewani. Yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha, Ndue akiwa na miaka saba, kuegemeza bunduki kushoto, upande wa jicho linaloona.