Kiwiko cha Hozumi

Hozumi alipopiga goti katikati ya uwanja na kutapika, hakuna aliyemsogelea. Jua la Juni lilikuwa likichoma, mchezo wa besiboli, ambao kwa kawaida huisha kipindi cha tisa, umeingia cha kumi na tatu, naye alikuwa anarusha mpira kwa siku ya tatu mfululizo. Alijifuta mdomo, akatazama benchi.

Mwalimu Kajitani alikuwa anachokoa meno. Kando yake aliketi Wakui, mrushaji mwenzake aliyekataliwa na jeshi kwa kifua kibovu. Mkono wa Wakui ulikuwa mzima, na umepumzika wiki nzima.

Huo ulikuwa mwaka 1944, ligi ya besiboli ya Japani imebakiwa na timu sita. Wachezaji walivaa kofia za kijeshi, wakashinda viwandani na kucheza siku chache walizoruhusiwa, kwa mipira iliyoshonwa upya mara tatu. Maneno ya Kiingereza, lugha ya adui, yalipigwa marufuku hata kinywani mwa mwamuzi. Na kila Jumatatu treni ilishusha stesheni visanduku vilivyofungwa kwa kitambaa cheupe, ndani yake majivu ya vijana.

Hozumi hakuwaza visanduku. Aliuwaza mkono wake. Ulikuwa umemtoa kwenye mashamba ya viazi ya baba yake, na hakuwa na kingine cha kujivunia duniani.

Alikwenda benchi, akainama kwa heshima. "Mwalimu, mkono umekwisha."

"Umekwisha? Mbona nauona bado unaning'inia begani?" Kajitani hakuinua hata macho. "Nenda karushe."

Wachezaji wengine walitazama chini. Walijua zamu ilivyokwenda. Nagai alimalizwa hivyo hivyo mwaka uliopita, na wawili baada yake. Wote walirudi makwao mikono imepinda, na Kajitani hakumuaga yeyote.

Jioni ile, kwenye chumba cha kubadilishia nguo, Hozumi alimpiga mwalimu wake ngumi ya mdomo kwa mkono wa kushoto. Mchezaji kumpiga mwalimu lilikuwa jambo la kufukuzwa ligi maisha.

Kajitani alitema damu kwenye ndoo. Akasema taratibu, "Kesho unaanza wewe."

Kesho yake, kipindi cha saba, kiwiko kililia. Mdakaji aliyechuchumaa mbali kule aliusikia mlio. Hozumi alianguka, na kwa mara ya kwanza msimu ule Kajitani aliingia uwanjani. Hakumuuliza hali. Aliushika mkono, akaukunja, akajaribu kuunyoosha, ukakataa. Akaurudia tena, polepole, huku Hozumi akipiga mayowe. Kisha akauachia kama mtu anavyomrudishia mchuuzi samaki aliyeoza.

"Huyu basi. Wakui, ingia."

Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno ya mwisho Hozumi aliyoyasikia kutoka kwake, na hata hakuambiwa yeye.

Agosti alipoitwa kupimwa jeshini, Hozumi alipanga foleni uchi na vijana wa kijiji chake kwenye ukumbi wa shule. Wenzake walipita mmoja mmoja, wakatoka wakiwa askari. Yeye alipelekwa chumba cha pembeni, kwa daktari mwenye cheo cha kapteni na nywele zilizoanza mvi. Alipewa bunduki. Ikamponyoka. Akapewa tena. Ikaanguka tena, ikagonga sakafu kwa kishindo.

Daktari alipiga muhuri: hafai.

Aibu ilimpanda Hozumi hadi masikioni. Akasimama wima kama askari ambaye hatakuwa, akasema mkono huu haukuvunjika kwa bahati mbaya. Ulivunjwa makusudi na mtu anayeitwa Kajitani, mwalimu wa timu yake, mtu mwenye roho ya nyoka. Jeshi la Mfalme limeibiwa mkono, na yeye yuko tayari kutoa ushahidi popote mtu huyo atakaposhitakiwa.

Daktari alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaweka kalamu chini, akainuka, akachungulia ukumbini, akafunga mlango.

"Usilirudie neno hilo mahali popote," alinong'ona. "Na ukimwona Kajitani, mwambie mikono minne ya timu moja sasa imetosha, jeshi litashtuka. Wa tano amvunje mguu."